Shamba la Juu

Jumatatu, tarehe 2

Mdogo wangu amerudi. Nilikuwa kwenye banda la kuchambulia, nakagua makreti mapya aliyoleta seremala, teksi ikaingia uani na kuku wakatawanyika. Akashuka na masanduku mawili na mto wa kulalia, kana kwamba huku kwetu tunalalia mawe. Miaka kumi na tisa amekuwa jijini akifanya kazi hotelini. Huja siku tatu, ya nne anaondoka. Kwa masanduku yale nilijua safari hii siku ya nne itapita, na ya arobaini pia.

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Tangu kiharusi kimpige mguu wa kushoto mwaka juzi, hatoki hapo mpaka nimshike. Alimnyooshea mikono yote miwili. "Kitinda wangu," akasema. Tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yetu. Mimi Baba hana jina la kuniita. Husema "wewe", au hugonga kioo kwa fimbo.

Jumanne, tarehe 3

Mapichi ya mwanzo yameanza wekundu upande wa jua. Tutachuma Alhamisi. Kitinda amelala mpaka saa nne.

Alhamisi, tarehe 5

Siku ya kwanza ya mavuno. Wanawake ishirini na wawili walipanda kutoka mjini kwa miguu kama kila mwaka, vitambaa kichwani, vyakula mkononi. Mji wetu umezaliwa na mapichi. Mashamba yalitangulia, ikaja stesheni ya kupakia, ukaja mtaa wa maseremala wa makreti, kisha kiwanda cha kusindika, kisha shule ambayo mpaka leo hufungwa wakati wa kuchuma. Juu ya tangi la maji kuna picha ya pichi kubwa iliyochujuka rangi mpaka watoto wanaiita kitunguu. Kiwanda kilifungwa miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo wanawake hawa hawana kazi ya kueleweka isipokuwa hizi wiki nne za kwetu.

Mkubwa wao ni Mama Mizani, anayepima makreti mlangoni mwa banda. Alisimamia watu kiwandani miaka ishirini. Haongei sana, na sijawahi kumkuta amekosea uzito.

Kufikia mchana Kitinda alikuwa ameshajua majina ya wote ishirini na wawili, na nani ana mtoto mgonjwa, na nani mume wake amekwenda kutafuta maisha hajarudi. Mimi nawajua kwa mikono yao: huyu anabonyeza, yule anang'oa tunda na jani lake. Nilidhani huko ndiko kuwajua.

Jumapili, tarehe 8

Baba amesema leo mezani. "Shamba la juu, msimu huu, atalishika Kitinda."

Nilikuwa nimeshika bakuli la mboga. Niliiweka mboga chini taratibu, nisije nikaambiwa nimeibamiza.

"Kwa nini?"

"Umechoka."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Nakuona unavyoipanda ile njia ya kule juu."

Kitinda aliangalia sahani yake. "Dada, kama hutaki, sema tu."

"Baba ameshasema," nikamjibu.

Tuna mashamba mawili. La chini, karibu na nyumba, ni la mapichi ya mapema, madogo, meupe ndani, ambayo kila mkulima wa bonde anayo. La juu liko mwinuko wa dakika ishirini, mistari thelathini ya mapichi ya mwisho, makubwa, ya manjano mpaka kwenye kokwa, yanayoiva wakati wenzetu wote wameshamaliza. Baba na mama waliyapanda wakiwa wachumba. Mimi nimeyapogoa miaka ishirini. Niliwahi kuposwa mara moja, nikamwambia yule bwana asubiri mavuno ya shamba la juu yaishe. Hakusubiri.

Jambo hili sijui niliite nini. Wivu nilikuwa nadhani ni wa wake wenza. Mimi nina miaka arobaini na minne, na huyu mtoto nilimwogesha kwa mikono yangu.

Alhamisi, tarehe 12

Manyunyu asubuhi. Tumechuma kuanzia saa tano.

Jumamosi, tarehe 14

Kitinda amekuja na lake. Hoteli alikokuwa anafanya kazi wanataka mapichi ya shamba la juu, yote, ila yaive mtini na kila tunda lifungwe kwenye karatasi yake. Kazi hiyo haiwezekani kwa wanawake wanane tunaobaki nao kila mwaka shamba la chini likiisha. Inataka wanawake wote, na wiki nne zaidi.

Aliwatangazia bandani. Mmoja akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akakaa juu ya kreti akilia. Mama Mizani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hili wazo lako, Dada?" akaniuliza.

"La kwake," nikasema. Wazo lenyewe ni jepesi mno, nimekuwa nikikaa karibu nalo miaka ishirini nisilione. Hilo ndilo lililonichoma.

Jumatano, tarehe 18

Leo nimemkuta Baba keshanyolewa ndevu. Alikuwa amepakwa mafuta, amechanwa, anang'aa kama bwana harusi. "Mkono wa Kitinda mwepesi," akasema. Nimemnyoa mwanamume huyu kila asubuhi tangu mwaka juzi na sijamkata hata mara moja.

Alhamisi, tarehe 19

Joto. Makreti mia na kumi.

Jumatatu, tarehe 23

Niliandika mambo matatu mabaya kuhusu mdogo wangu, nikayasoma, nikachana ukurasa. Mojawapo halikuwa kweli. Yale mawili yalikuwa madogo: anaacha milango wazi, na anaimba akiwa hajui maneno.

Ninachotaka kuandika ni hiki. Mchana alikuja kukaa na mimi chini ya mti wakati wa kula. Akaniambia kazi yake ya jijini iliisha vibaya, kwamba kuna mtu alimwahidi ndoa na alikuwa na ndoa tayari, na kwamba alipanda teksi kuja huku kwa kuwa hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. "Wewe ulibaki, Dada," akasema. "Una kwenu. Mimi nilikuwa nakuonea wivu, unajua?"

Nilipaswa kumshika mkono. Nilichowaza ni kwamba hata wivu ameniwahi, amekuja kuusema kabla yangu, na kwa sauti nzuri. Nikamwambia muda wa kula umekwisha.

Alhamisi, tarehe 26

Mistari tisa imebaki shamba la chini.

Jumatano, tarehe 1

Tumemaliza shamba la chini. Ni mavuno bora kuliko ya miaka mitano iliyopita, Mama Mizani ameniandikia jumla kwenye karatasi. Nilimpelekea Baba dirishani. Aliitazama, akaikunja, akauliza, "Na kule juu, yameanza kunukia?"

Jumamosi, tarehe 4

Kitinda anataka kuanza kuchuma Jumanne. Hoteli wanataka sukari yote iwe imeingia kwenye tunda. Nimepanda kuyaona. Sikumbuki kuona mzigo kama ule. Matawi yameinama mpaka tumeyaegemeza kwa miti, na ukisimama katikati ya mistari harufu inakushika kooni. Niliyapogoa mimi, majira ya baridi, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Watu watasema ni mapichi ya Kitinda.

Jumanne, tarehe 7

Nitaandika yote kama yalivyokuwa jana.

Saa mbili asubuhi nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha ofisi. Wanawake wote walikuwa bandani wakikata karatasi za kufungia, tayari kwa kazi ya leo. Simu ikalia. Alikuwa karani wa ushirika wa wakulima, ambaye hupokea taarifa za hali ya hewa.

"Kuna wingu baya linashuka kutoka milimani," akasema. "Mvua ya mawe. Kwenu litafika saa nane, saa tisa hivi. Huko chini mtapona, lakini shamba lenu la juu liko njiani kabisa. Mna nyavu?"

"Za mistari sita."

"Zitandazeni, na mchume mnachoweza. Msingoje kesho. Utamwambia mdogo wako?"

"Nitamwambia."

Nilitoka na nia ya kumwambia. Mama Mizani aliniuliza pale mlangoni, "Simu ya nani?" Nikamjibu, "Dereva wa lori." Mpaka sasa sijui kwa nini nilijibu hivyo, kwa maana wakati huo sikuwa nimeamua lolote. Labda nilitaka niwe wa kwanza kufika juu na habari, Kitinda aipate kwangu na aniulize tufanye nini. Nikapanda ile njia haraka, mimi mwanamke niliyeambiwa nimechoka.

Kwenye mstari wa kwanza nilisimama. Baba alikuwa pale. Baba ambaye mwaka mzima nimembembeleza atoke hata mpaka uani, akinijibu mguu hautaki. Kitinda alikuwa amempandisha kwa mkokoteni wa trekta. Alikuwa amesimama, amesimama kweli, fimbo mkono mmoja na mkono mwingine begani kwa Kitinda, uso ameuinua kwenye majani. Walinipa kisogo. Kitinda alichuma pichi moja, akalipasua, akamlisha kipande. Maji ya tunda yakamchuruzika kidevuni, na wote wawili wakacheka.

"Shamba hili," Baba akasema, "lilikuwa linakusubiri wewe."

Niligeuka nikashuka.

Njiani nilijiambia mengi. Kwamba mvua ya mawe hutangazwa kila mwaka na haifiki. Kwamba karani yule ni mwoga. Kwamba nitamtuma mtu. Kwamba nitamwambia saa nne wakishuka, kisha saa sita wakila. Walishuka, wakala. Kitinda alinipa kiti kilichokuwa kivulini. Nilikaa kwenye kiti hicho, nikala, na sikusema. Anga ilikuwa bluu, nikawa naitazama kama mtu anayetazama shahidi wake.

Saa tisa kasorobo upepo ulikatika. Wingu lilitokea nyuma ya kilima, la kijani kwa chini, na Mama Mizani akasema tu, "Mabibi, ingieni ndani." Kitinda alikimbia. Alikimbia kuelekea juu, kwenye ile njia, akiwa na wavu mmoja ukiburutika nyuma yake. Yalipoanza kuanguka hakuwa amefika nusu.

Sisi bandani tulipata mvua ya kawaida na mawe machache ya kuchezesha bati. Kule juu palikuwa na sauti kama ya kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori, bila kuisha. Ilidumu dakika kumi na moja. Nilikuwa natazama saa ya ukutani kwa kuwa sikuweza kumtazama mtu.

Tulipopanda tulimkuta amekaa kwenye tope katikati ya mstari wa kumi na mbili, damu ikimtoka sikioni alipopigwa. Mawe ya ukubwa wa gololi yalikuwa yamejaa miguuni mwake. Mapichi yalikuwa chini, yamepasuka, na yaliyobaki mtini yalikuwa na matundu mpaka kwenye kokwa. Majani yamechanika kama karatasi. Na harufu ile tamu, bonde zima, kali kuliko siku zote.

Mwanamke mmoja alianza kuokota kwenye ndoo yake yaliyokuwa na nafuu, na Mama Mizani akamwambia, kwa upole, "Acha, mwanangu."

Jumatano, tarehe 8

Tumepita mstari kwa mstari. Hakuna hata makreti kumi. Wanawake wamerudishwa nyumbani. Walipeana mikono na Kitinda mmoja mmoja, kama msibani.

Alhamisi, tarehe 9

Baba asubuhi alimwambia Kitinda, si kwa ukali, bila hata kumtazama, "Ungeanza kuchuma Jumamosi. Dada yako angeanza Jumamosi."

Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye unayeijua ile miti. Nilikosea."

Nimeyasubiri maneno hayo tangu tarehe mbili ya mwezi uliopita, au tangu nizaliwe. Nilikuwa nakunywa chai. Niliimeza, ikashuka, na sikusikia ladha yake.

Ijumaa, tarehe 10

Nimemnyoa Baba.

Jumamosi, tarehe 11

Kitinda anafungasha. Amesema ataondoka Jumatatu kwa treni ya asubuhi. "Kila ninachoshika kinavunjika," alisema, na akakunja blauzi mara tatu, nne, hata ikawa ndogo kama bahasha. Plasta sikioni imelegea. Nilisimama mlangoni na kumwambia asisahau mto wake.

Mama Mizani alikuja kurudisha funguo za banda. Alizining'iniza kwenye msumari, akakaa juu ya mizani yake kama benchi.

"Ile simu ya Jumatatu," akasema. "Dereva alikuwa anataka nini?"

"Kuuliza makreti."

"Aha." Alizitazama kucha zake. "Kwa sababu dereva alikuwa nje, kwenye ngazi ya banda, anakunywa chai. Mimi ndiye niliyemmiminia."

Alisoma uzito wake mwenyewe kwenye mizani, akainuka, akaenda zake.

Jumapili, tarehe 12

Nimesema.

Sijui kama ningesema bila Mama Mizani, na sitaki kujikosha humu. Lakini hakuwapo mezani leo, na wala hakuwa ametishia. Tulikuwa watatu. Kitinda alikuwa anamkatia Baba nyama vipande vidogo, masanduku yako koridoni.

"Karani wa ushirika alipiga simu Jumatatu," nikasema. "Alisema mvua ya mawe itapiga shamba la juu. Alisema tuchume. Mimi ndiye niliyepokea."

Kisu kilisimama. "Saa ngapi?" Kitinda akauliza.

"Saa mbili."

"Asubuhi."

"Asubuhi."

Alihesabu kwa vidole, hadharani, kama mwanafunzi. "Karibu masaa saba. Watu ishirini na wawili." Akanitazama. "Ulisahau?"

Aliniuliza kwa namna ya mtu anayekuonyesha mlango wa kutokea. Ningeweza kupita.

"Hapana. Nilipanda kuja kukwambia. Nikakukuta na Baba."

Alisubiri niendelee. Nilipoona hajaelewa, nikaendelea. Niliwaambia nilivyowaona, na pichi, na kicheko, na alichosema Baba. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, kama ninasoma orodha. Kitinda aliinuka, akaniacha na maneno mdomoni, akatoka uani. Aliacha mlango wazi.

Baba aliisukuma kando sahani yake. Kisha, "Nipeleke chumbani."

Niliinuka.

"Si wewe."

Akabaki pale mezani, mikono juu ya fimbo, macho kwenye ukuta, saa nzima, mpaka Kitinda aliporudi akamshika.

Jumatatu, tarehe 13

Treni ilipita. Kitinda hakwenda stesheni. Hakuna aliyenieleza kitu.

Jumanne, tarehe 14

Chakula changu nakula jikoni.

Jumatano, tarehe 15

Kitinda alikuja bandani nikiwa nafagia.

"Nimetafuta neno la kukwambia, Dada, siku tatu," akasema. "Silioni. Nikikasirika nakuta nimechoka. Nilikwambia mambo yangu yote chini ya mti, na wewe ulikuwa unanitazama kwa jicho hilo."

"Ndiyo."

"Yote yale kwa sababu ya Baba."

"Si Baba tu. Wanawake. Mapichi. Hata lile wazo la hoteli."

Aliutazama ufagio mkononi mwangu. "Sawa. Mimi ni mmoja, nitajua la kufanya na wewe. Wale ni ishirini na wawili, na wanadhani aliyewakosesha kazi ni Mungu."

Nilielewa. "Unataka niwaambie."

"Sitaki kitu. Nakwambia tu wanadhani ni nani."

Ijumaa, tarehe 17

Jana nilishuka mjini. Nilimwendea kwanza Mama Mizani nyumbani kwake, chumba kimoja na varanda nyuma ya kiwanda. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Alifunga kitambaa kichwani na kwenda kuwaita.

Wakakutana kwenye ua wa kiwanda, penye bomba wanapochotea maji, mahali walipokuwa wakisubiri kengele ya zamu. Walikuja kumi na tisa. Wengine walikuwa na ndoo, mmoja alikuwa na nguo mbichi begani. Nilisema yale niliyoyasema mezani, na ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu wao hawakuwa na sababu ya kunipenda tangu mwanzo.

"Kwa hiyo hukupitiwa," mmoja akasema.

"Sikupitiwa."

"Ulikuwa na nini basi?"

"Wivu."

"Wa nini? Mume?"

"Baba yangu," nikasema, na mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi, kama mtu aliyejikwaa.

Mwenzao mmoja, mama wa mapacha, ambaye hapendi kusema, alisema, "Mimi nilimwambia mume wangu ana mkosi. Nilimwambia kila anapoingia yeye riziki inatoka. Jumatano ile alihama, yuko kwa kaka yake." Akabeba ndoo yake ikiwa tupu, akaondoka. Wengine watatu wakamfuata.

Yule aliyelia siku ile ya tangazo alinisogelea karibu sana. Nilidhani atanipiga, na mwili wangu ulijiweka tayari, nikawa karibu kushukuru. Alinitazama tu usoni, upande huu na upande huu, kama anatafuta kitu alichodondosha, kisha akarudi kwa wenzake.

"Umemaliza?" Mama Mizani akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi nenda nyumbani. Hapa sisi tuna ya kuzungumza."

Kabla ya kuja huku juu nilipita kwa kaka wa yule mume. Nilimkuta mume mwenyewe anapiga randa ubao. Nikamweleza kwamba mkosi haukuwa wake, ulikuwa wangu. Aliendelea na randa mpaka mwisho wa ubao. "Kamwambie mke wangu," akasema. "Nimeshamwambia," nikajibu. Sijui kama amerudi.

Jumapili, tarehe 19

Nilimwambia Kitinda naweza kuondoka. Kuna mkulima ng'ambo ya bonde anatafuta mpogoaji.

"Uende wapi," akasema. "Miti inatoka utomvu."

Baba ametamka leo kwamba shamba la juu ni la Kitinda, si kwa msimu huu tu. Alilisema nikiwapo, ili nisikie. Nilisikia. Liliniuma pale pale panaponiuma siku zote. Nilikuwa nadhani kusema kweli kungepaponya.

Alhamisi, tarehe 23

Kitinda amewaita wanawake wa kufunga majeraha ya miti. Hakuweza kuwachukua wote. Wamekuja wanane, Mama Mizani akiwa wa kwanza. Nafanya kazi kwenye mstari mmoja nao. Hawanisemeshi, ila leo mmoja alinipa kisu bila kurusha.

Jumamosi, tarehe 25

Mvua ndogo. Hatukukata, jeraha likilowa linaoza.

Jumatano, tarehe 29

Mistari ishirini na sita imekamilika. Jioni hii, kabla jua halijazama, wanawake walipokuwa wameshashuka, Kitinda alinikuta kwenye mstari wa ishirini na saba. Alikuwa na daftari. Tangu Jumapili ile niliposema naweza kuondoka hatukuwa tumezungumza lolote isipokuwa kazi.

Alisimama mbele ya mti mmoja uliochunwa vibaya. "Huu nao tunaufunga, au tunaung'oa?"

Jibu la swali hilo si la Baba. Yeye hung'oa. Mimi nililitafuta miaka mingi, mti kwa mti, bila kumwambia mtu, na ndiyo sababu shamba hili halina mapengo kama ya majirani. Nilijua kwamba nikimpa hilo, hakuna atakalohitaji kuniuliza tena mwakani. Kwa chini kabisa nilisikia kile kijiba cha roho kikinyanyua kichwa, kama kawaida yake.

"Njoo hapa," nikasema. "Lete pua. Huu utomvu ni mweupe, wa kuonekana ndani, na haunuki. Mti unajiponya, uache. Ule pale utomvu wake ni wa kahawia, na ukinusa una ukali wa siki. Huo kata mpaka ufike kwenye mti safi mweupe, na kidonda ukichonge kiwe chembamba juu na chini, maji yapite yasituame. Usiung'oe. Mwaka wa kwanza hautazaa kitu. Wa pili utazaa."

Alinusa, akarudi, akanusa tena. "Baba hakuniambia hili."

"Baba halijui. Niliona mwenyewe."

Kitinda alifungua daftari juu ya goti na kuanza kuandika, ulimi ukimtoka kidogo pembeni ya mdomo kama alipokuwa mdogo. Kisha akasimamisha kalamu.

"Rudia," akasema. "Hapo kwenye siki sikushika."

Nikarudia, polepole, mpaka akaandika lote.